China haikujifungia

Wengi tulifundishwa kwamba ustaarabu wa China ulikua peke yake nyuma ya Ukuta Mkuu, bila kuchukua kitu kwa mtu. Wanaanthropolojia wanaoulinganisha na staarabu nyingine wanaona kinyume chake.

Dini ya Buddha ilitoka India. Mtawa wa Kichina Xuanzang aliifuata huko, akarudi mwaka 645 na maandiko 657, kisha akatumia maisha yake yote yaliyobaki kuyatafsiri. Ngano iliingia kutoka magharibi maelfu ya miaka iliyopita. Mahindi na viazi vitamu, karne ya 16, asili yake Amerika.

Sisi wa pwani hatuhitaji kwenda mbali. Pale Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, nguzo za makaburi ya kale zilipambwa kwa bakuli za kaure za China. Nyingi zimeng'olewa, na inauma kuona matundu ya mviringo yaliyobaki kwenye chokaa. Mwaka 1415 Malindi nayo ilimpelekea mfalme Yongle wa China twiga.

Ni kweli, watawala wa Ming, ukoo wa kifalme wa China, walizuia biashara binafsi ya baharini hadi walipolegeza mwaka 1567. Lakini hadithi ya China iliyoganda ilienezwa zaidi na wanafikra wa Ulaya. Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani, alifundisha kuwa China iko nje ya mwendo wa historia, naye hakuwahi kufika huko. Wakati huohuo, meza za Ulaya zilikuwa zimejaa chai na vyombo vya China.