Kihenge hakikaushi mahindi

Nimeulizwa tena: "Mbona kihenge cha udongo kimeniozeshea mahindi, na wazee walikitumia miaka yote?" Jibu la kijiweni huwa limeshaiva: udongo una unyevu, jenga kwa saruji. Jamani! Kihenge hakijaozesha kitu. Kimetiwa mahindi mabichi.

Kuna majengo mawili ya kuwekea nafaka yanayoitwa kwa jina hilo moja la kihenge. Moja ni la fito tupu zilizosukwa kwa kuachia nafasi, upepo unaingia huku na kutokea kule. Hilo ni la kukaushia, na mahindi huingia yakiwa bado kwenye magunzi. La pili nalo ni la fito, ila limekandikwa udongo ndani na nje, upepo haupiti, na kazi yake ni kutunza punje zilizokwisha kauka. Anayelikandika la kwanza ili "kuliboresha", kisha akalijaza mahindi yaliyotoka shambani juzi, amejenga shimo la kuvundikia ndizi.

Kwenye lile la fito, kila kitu ni upana. Urefu uwe wowote, ila upana usizidi sentimita 60 kule mvua inakoendelea baada ya mavuno, mita 1 penye hali ya wastani, mita 1.5 pakavu hasa. Ubavu mrefu uelekezwe upepo unakotoka. Fundi anayepanua ili kuokoa fito anapata mahindi mazuri pembeni na ukungu katikati, na ukungu huo ndio unaoweza kuzaa sumukuvu. Ukambani mwaka 2004 iliua watu 125. Dodoma na Manyara iliua mwaka 2016. Kupika hakuiondoi.

Mahindi yahamie kwenye kihenge kilichokandikwa yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo atumie chumvi: chupa kavu ya kioo, chumvi kavu vijiko viwili vitatu, punje hadi theluthi ya chupa, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Lakini jamani, chumvi isipoganda maana yake ni kwamba unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Haijasema 13.5. Kati ya namba hizo mbili ndipo watu wanapoharibikiwa wakiapa kwamba walipima. Anika siku moja zaidi.

Sasa saruji. Fito hucheza: zinasinyaa zikikauka, zinatanuka kihenge kikijazwa, zinarudi kikipungua. Udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe hufuatana nazo, unapata nyufa nyembamba, na kila msimu kabla ya kujaza unapitisha mkono wa udongo mpya. Saruji haifuatani na mtu. Inabanduka kama ganda, maji yanapenya nyuma yake, mchwa wanapata njia iliyofichika, na kwa nje ukuta unapendeza mpaka siku unapoporomoka. Udongo wa kichuguu unafaa. Finyanga donge, likaushe kivulini. Likipasuka vibaya, ongeza mchanga au samadi. Wanaosema samadi inafukuza wadudu siwabishii sana, ila naona kazi yake kubwa ni zile nyuzi za majani zinazoshika udongo.

Panya, kwa kifupi: sakafu iwe mita 1 kutoka ardhini, kila nguzo ivishwe koni ya bati, na koni ikae juu, karibu na sakafu. Ikiwa chini, panya anairuka tu. Na ile ngazi uliyoiacha imeegemea ukutani ni daraja umemjengea mwenyewe.

Wanaosifu "ujuzi wa asili" huwa hawalisemi hili: kihenge kilibuniwa kabla ya dumuzi. Mdudu huyu ni wa Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ndiye aliyebandikwa jina la Scania. Zamani kuhifadhi mahindi na maganda yake kulisaidia dhidi ya fukusi. Dumuzi anatoboa ganda, tena anapenda punje zilizoshikwa imara kwenye gunzi kuliko zilizopukuchuliwa. Kwa hiyo pukuchua mara tu yanapokauka, na uchanganye dawa ya unga iliyosajiliwa kwa nafaka, kwa kipimo cha kwenye pakiti.

Hata hivyo sina amani, kwa sababu dumuzi anatoboa mti pia. Utafagia kihenge kitupu mpaka king'ae, naye amejificha ndani ya fito akingoja mavuno yajayo. Kukandika kwa ndani kunamchelewesha. Kwamba kunamzuia, sidhani. Penye dumuzi wengi ningeacha fito, nikajenga ukuta wa matofali ya udongo, nikaukandika vilevile. Hapo miti inabaki kwenye miguu na kwenye kofia ya nyasi. Miguu naweza kuijenga kwa mawe. Kofia bado inanishinda, maana bati linapika nafaka mchana na kudondosha jasho usiku.