Tairi za Altezza kwenye jua la Dodoma: soma tarehe kwanza, mambo ya rimu baadaye

Mbukwenyi. Wiki iliyopita kaka mmoja kaniletea Toyota Altezza RS200, ile ya gia ya mkono, gari imetunzwa mpaka raha, bodi haina kutu hata chembe, injini ukiiwasha unasikia kabisa ni mzima, kaja kwangu kwa sababu usukani unatetemeka akifika 90 na kitu na anataka balansi tu basi. Akaniambia tairi za nyuma usihangaike nazo fundi, ni mpya, nimenunua miezi miwili imepita. Nikalala chini na tochi nikasoma upande wa ndani wa tairi, zile namba nne za mwisho baada ya herufi DOT, nikakuta 3115. Maana yake tairi imetoka kiwandani wiki ya 31 ya mwaka 2015. Ni kweli haijatembea, kashata zote zipo, yani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, vile vinywele vya mpira bado vimesimama, ila ukichungulia chini kwenye mifereji unaona nyufa nyembamba nyembamba kama tope la Bahi likikauka mwezi wa tisa. Hiyo siyo tairi mpya, hiyo ni tairi ya zamani ambayo haijatumika, na watu wengi wenye gari za michezo za zamani hapa mjini wanauziwa hizo kila siku.

Nimefanya kazi ya tairi muda mrefu na hiki ndo kitu ambacho sitachoka kukisema. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo. Jua, joto na hewa vinaukausha, unapoteza ile hali ya kunata, unakuwa mgumu, na nyuzi na waya za ndani zinaanza kuachana na mpira taratibu bila wewe kuona kitu kwa nje. Viwandani wanaweka dawa na nta ndani ya mpira ili uhimili jua, na ile nta inatoka juu pale tairi inapojikunja kunjua ikiwa inatembea, sasa gari yako ya wikiendi inayokaa chini ya mti siku tano sita haijikunji, inapigwa jua upande mmoja tu, kwa hiyo inazeeka vibaya kuliko bajaji inayozunguka Majengo kutwa nzima. Na hapa kwetu ndo unajua mwenyewe, mvua ikiisha mwezi wa tano mpaka Novemba hakuna wingu, ni jua na vumbi, lami saa nane mchana ukikanyaga pekupeku utaruka. Kampuni nyingi za tairi zinasema ikishafika miaka mitano ikaguliwe kila mwaka na ikifika kumi itoke hata kama inaonekana nzima, na watengenezaji kadhaa wa magari wanasema sita. Mimi kwa gari ya mbio inayoishi Dodoma nasema sita, na sitaki kubembelezana kwenye hilo.

Nasema hivi kwa sababu nilishaona. Zamani nikiwa bado naajiriwa kwenye gereji ya mtu, nilimfungia mzee mmoja tairi mbili za nyuma kwenye Celica, kashata zilikuwa nzuri sana, tarehe sikuangalia na hakuna aliyekuwa amenifundisha kuiangalia. Akaenda Manyoni. Kabla hajafika Bahi ule mkanda wa juu wa tairi ukachanika wote ukaachana na mwili wa tairi, ukapiga bodi ukatoboa bati la madigadi, gari ikayumba mpaka nje ya barabara, Mungu alisaidia upande ule palikuwa wazi hakuna mti wala mtu. Mzee alirudi na kile kipande cha mpira kwenye buti akaniwekea mezani wala hakunigombeza. Ilikuwa na miaka kumi na moja. Tangu siku hiyo hakuna tairi inayopanda kwenye mashine yangu kabla sijasoma zile namba nne, na ukikuta tairi ina namba tatu badala ya nne ujue ni ya kabla ya mwaka 2000, hiyo hata bembea ya watoto usiitundikie.

Haya, tuje kwenye saizi, maana hapa ndo vijana wanapotea. Altezza nyingi zilitoka na 215/45R17, nyingine kwenye familia hiyo hiyo zikatoka na 205/55R16. Hiyo 215 ni upana wa tairi kwa milimita, 45 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana, 17 ni inchi za rimu. Piga hesabu: asilimia 45 ya 215 ni kama milimita 97 za ubavu. Kwenye 205/55R16 ubavu ni kama milimita 113. Umeongeza milimita 16 za mpira kati ya rimu na shimo, na kimo cha tairi nzima kimebadilika kutoka kama milimita 625 kwenda 632, yani asilimia moja tu, spidomita ikisema 100 wewe uko 101, haina tatizo lolote. Kwa barabara za huku, matuta ya vijijini ukienda Morogoro, mashimo, vipande vya kokoto mtaani Nkuhungu au ukikatiza Iyumbu, hizo milimita 16 ni rimu ngapi ambazo hazitapinda? Mimi kila mwenye Altezza anayeniuliza namwambia tafuta rimu original za inchi 16, gari haitapungua utamu, usukani utachelewa kidogo sana kujibu ukikata kona kwa nguvu lakini utaendesha bila kufumba macho kila ukiona kivuli barabarani. Tena 205/55R16 ni saizi inayotumika na magari mengi sana duniani, kwa hiyo inauzwa haraka, na duka linalouza haraka haliwi na tairi za 2015, umeona inavyokuja kwenye hoja ile ile? Saizi adimu inakaa dukani miaka ikisubiri wewe uje.

Kinyume chake kuna wanaoshusha gari halafu wanafunga 215/40R17 ili ikae chini zaidi. Ubavu unabaki milimita 86, kimo kinapungua zaidi ya asilimia tatu, spidomita inadanganya, na gari iliyoshushwa bila kurekebishwa alaimenti, yani jinsi tairi zinavyosimama na kuelekea, inalalia tairi upande wa ndani, kwa nje unaona tairi nzima kumbe kule ndani waya zimeshachungulia. Huyu kaka wa wiki iliyopita mbele yake ilikuwa hivyo hivyo, ndo maana usukani ulikuwa unatetemeka, balansi isingesaidia chochote.

Ukitaka kubadilisha rimu angalia matundu. Altezza ni nati tano kwenye duara la milimita 114.3, kama Mark II, na tundu la katikati ni milimita 60.1. Rimu za Impreza za miaka ile ni nati tano pia ila duara lake ni 100, kwa macho unaweza ukaona zinakaribiana na kuna mafundi wanalazimisha, USIKUBALI. Na kama tundu la katikati la rimu ni kubwa kuliko 60.1 weka ringi za kuziba hiyo nafasi, la sivyo utafukuzana na mtetemo mwaka mzima na kila fundi atakuambia jambo lake.

Mwisho wa saizi kuna namba na herufi, mfano 91V. Hiyo 91 ni uzito, kilo 615 kwa tairi moja, 87 ni kilo 545, Altezza yenyewe inazidi kidogo kilo 1,300 kwa hiyo zote zinabeba. Herufi ndo watu wanaidharau: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240, W ni 270. Utasema sasa fundi mimi 240 naenda nayo wapi, Singida? Hauendi nayo popote, ila kinachopasua tairi kwenye spidi ni joto, na hiyo herufi inakuambia tairi imepimwa kuvumilia joto la kiasi gani. Lami ya Dodoma mwezi wa kumi inakula sehemu ya hiyo akiba kabla hata hujawasha gari. Kwa gari kama hii usishuke chini ya V.

Kuna balaa jingine linakuja na magari yenyewe kutoka Japani, na pia kwenye tairi za mtumba. Kule kwao upande wa kaskazini kuna theluji, wanafunga tairi za baridi, laini sana, kashata zake zimechanwa chanwa vimstari vidogo vingi kama zimepitishwa wembe, na ubavuni zimeandikwa STUDLESS. Ukiibonyeza kwa kucha inaingia, mtu anasema duh mpira laini huu utashika barabara. Kwenye barafu ndio. Kwenye lami ya moto zile kashata zinacheza kama jino la mtoto, gari ya kusukumwa na tairi za nyuma ukikata kona unahisi matako ya gari yanaelea, breki zinarefuka na tairi inaisha upesi upesi. Zitoe. Na za mtumba kwa ujumla mimi kwa gari ya mbio sizifungi, maana nyingi zinasafirishwa zimesokomezwa moja ndani ya nyingine ili kontena libebe nyingi, zinakaa zimekunjwa wiki kadhaa baharini na ule mdomo unaokaa kwenye rimu unaumia. (Zamani tulikuwa na tairi zetu wenyewe, General Tyre pale Arusha, uzalishaji ukasimama 2009, na bado linaniuma kwa sababu tairi ya Arusha ilikuwa inakufikia ikiwa bichi.)

Kuhusu kampuni ipi, naulizwa kila siku. Bridgestone, Michelin, Yokohama, Dunlop ni nzuri, pesa ikiruhusu chukua. Lakini kati ya jina kubwa la 2016 na jina la kawaida la mwaka huu au mwaka jana, chukua la mwaka huu bila kufikiria mara mbili. Angalia pia neno treadwear ubavuni, namba ikiwa 200 mpira ni laini unashika sana na unaisha haraka, 400 unadumu zaidi, mimi kwa matumizi ya hapa naona 300 hivi panatosha, na pale pameandikwa temperature, yani daraja la kuvumilia joto, hakikisha ni A.

Nunua nne zinazofanana. Kama mfuko unabana na ni mbili tu, hizo mpya ziende nyuma hata kama za mbele ndo zimeisha zaidi, maana nyuma ikiteleza kwenye gari hii wengi hawaiwezi kuirudisha, na mvua za kwanza za Desemba zikikuta vumbi la miezi saba barabarani inakuwa kama sabuni.

Hapa Dodoma 205/55R16 utaipata, 215/45R17 mara nyingi utaagiza Dar. Mwambie muuzaji akupigie picha ya zile namba nne za kila tairi, zote nne, akutumie WhatsApp KABLA hujatuma hela, na zikifika linganisha. Akikuambia namba hazionekani au hazina maana, achana naye kwa amani. Siku hizi kuna treni ya SGR, unapanda asubuhi unaenda Kariakoo unakagua kwa macho yako na jioni uko nyumbani, kwa mzigo wa pesa kama huo mimi naona nauli inajilipa.

Zikishafungwa, fanya balansi na alaimenti siku hiyo hiyo, ila bushi na boljointi zikaguliwe kwanza, ukipima alaimenti kwenye bushi zilizokufa umetupa hela. Upepo soma kibandiko kilichopo kwenye mlango wa dereva, usikubali ile PSI 40 kwa kila gari, na pima asubuhi tairi ikiwa ya baridi kwa sababu kila joto likipanda nyuzi sita hivi upepo unapanda kama PSI moja, ukipima mchana ukapunguza, asubuhi unatembelea tairi lililolegea na hiyo ndo inayopata uvimbe ubavuni likipiga shimo. Uvimbe hauna dawa. Mwiba wa mgunga ukitoboa katikati ya kashata unazibika, ukitoboa ubavuni tairi imekwisha.

Yule kaka alinielewa, ingawa ilimuuma kwa zile mbili alizonunua. Akapata rimu za 16 kwa jamaa yake, tairi zikatoka Dar, zote nne tarehe za mwaka huu, jana mchana nikazifunga nikakaza nati kwa spana ya kipimo, Nm 103, nikashusha gari. Alikuwa na safari ya Iringa leo alfajiri. Nikamwambia kilomita mia za mwanzo aende taratibu tairi mpya inateleza mpaka ngozi ya juu itoke, akifika Mtera asimame kwenye bwawa akaze nati tena kabla ya kuanza kupanda Nyang'oro. Saa mbili asubuhi kanitumia picha, gari iko kando ya maji, jeki haijaguswa, spana iko mkononi.