Kwa Nini Mtwara Tuna Gesi na Mbeya Wana Jotoardhi

Tunapotoa elimu kwa umma hapa Mtwara, swali moja halikosekani: kama chini ya ardhi kuna moto, kwa nini tusichoronge hapa hapa tukafua umeme wa mvuke, yaani wa jotoardhi, joto la chini ya ardhi? Ni swali la watu waliokwisha kuona visima vya gesi vya Mnazi Bay na mitambo ya Madimba.

Joto lipo kila mahali. Katika sehemu nyingi duniani, ukishuka kilomita moja hupanda nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Ila joto peke yake halifui umeme. Panatakiwa maji, mwamba wenye nyufa za kuyapitisha, na tabaka la juu la kuyabana yasipotee. Pwani yetu ni matabaka mazito ya mchanga na udongo yaliyorundikana kwa mamilioni ya miaka. Hayo yametutunzia gesi, lakini hayana volkano ya kuyapasha. Kwenye Bonde la Ufa ukoko wa dunia umetanuka ukawa mwembamba, na mwamba ulioyeyuka umesogea juu. Ndiyo maana utafiti wa jotoardhi uko Ngozi na Kiejo-Mbaka mkoani Mbeya, na Kenya inafua umeme Olkaria tangu 1981.

Kisima hushuka kilomita mbili, tatu. Maji ya moto yakipanda, mgandamizo hupungua na sehemu yake hulipuka kuwa mvuke, ambao huzungusha mashine ya kufua umeme. Maji yanayobaki lazima yarudishwe chini kwa kisima kingine. Hapa sina mzaha: Wairakei, New Zealand, yalitolewa miaka mingi bila kurudishwa, na katika sehemu fulani ya eneo hilo ardhi ikadidimia zaidi ya mita 10.

Umeme huu haujali usiku wala ukame, jambo kubwa kwa nchi inayotegemea mabwawa, na hewa ya ukaa yake ni kidogo sana kuliko ya gesi asilia. Gharama ndiyo kikwazo. Kisima kimoja hula mamilioni ya dola, na unaweza kukuta mwamba mkavu. Tena hutoka gesi inayonuka mayai viza, ambayo ikizidi ni sumu, hivyo vipimo vyake visikose karibu na makazi.

Mtwara haitapata visima hivyo, lakini ufundi wake unafanana na wa gesi. Kijana wa huku anayejua kuchoronga au kuchomelea mabomba ya mgandamizo mkubwa ana kazi ya kufanya Mbeya.