Chaji iliyonaswa ndani ya kauri: kwa nini naipima kwa kuipasha moto

Mwezi Agosti hapa Dodoma, ukivua sweta gizani unaona cheche. Hewa imekauka, vumbi limetanda, na karibu kila ukigusacho kimebeba chaji. Kwa sisi tunaopima chaji ndani ya vifaa vya kupandikizwa mwilini, msimu huu unadanganya sana.

Ninachopima ni vidonge vya kauri ya haidroksiapataiti, jamii ya madini yanayoupa mfupa ugumu wake. Kidonge nakibana kati ya elektrodi mbili, yaani vipande vya kupitishia umeme, nakipasha moto hadi nyuzi 300 au 400 za Selsiasi huku nikikiwekea volti elfu kadhaa kwa kila sentimita ya unene, kisha nakiacha kipoe umeme ukiwa bado umewashwa. Protoni, yaani chembe chanya za hidrojeni, zilizosogea ndani ya fuwele hukwama hapo hapo: upande mmoja chanya, mwingine hasi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Japani walionyesha kwamba ndani ya kimiminika chenye chumvi kama za damu, fuwele zinazofanana na za mfupa hukua haraka zaidi upande ule hasi. Ndiyo maana nataka kujua chaji ni kiasi gani, tena kwa uhakika.

Kuna wakati nilipima kidonge ambacho sikuwahi kukiwekea umeme, na kipimo cha juu ya uso kikasoma chaji nyingi tu. Nilikuwa nimekifuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Basi.

Tangu hapo siamini uso peke yake. Kidonge nakiunganisha na elektrometa, kifaa cha kupima umeme mdogo sana, bila volti yoyote, nakipasha moto polepole, nyuzi 5 kwa dakika. Protoni zikipata joto la kutosha hujinasua na kurudi zilikotoka, na safari hiyo huonekana kama mkondo mdogo mno, wa nanoampea au hata pikoampea. Ukijumlisha mkondo wote kwa muda uliopita, umepata chaji. Nyuzi ambazo mkondo unafika kilele hueleza jinsi chaji ilivyoshikwa: kilele kikichelewa, imeshikwa kwa nguvu. Wakati huo hakuna kugusa waya, maana waya ukitikiswa nao huzalisha umeme wake. Mvua zikianza Desemba adui hugeuka kuwa unyevu, unaopitisha umeme juu ya uso, kwa hiyo nakausha kwanza. Na kila mara napima pia kidonge kisichowekewa umeme. Kipimo kisicho na mwenzake wa kulinganisha sikikubali, hata kikipendeza namna gani.

Sasa nimegeukia floridi. Jirani zetu Singida wana visima vyenye floridi nyingi, na floridi ikiingia mwilini huchukua nafasi ya haidroksili, yaani jozi za oksijeni na hidrojeni, ndani ya madini ya mfupa. Protoni ninazozifuata ni za hizo haidroksili, na pale floridi ilipokaa njia yao huzibwa. Vidonge vyenye floridi vipo tayari. Nitavipasha kwa mwendo uleule, nyuzi 5 kwa dakika, nione kilele kinahamia wapi.