Je, wajua kwa nini kuna watu wanaofanyia sherehe namba?

Kama ulisoma shule ya msingi Tanzania, swali hili unalikumbuka hata kama hesabu zenyewe zimekutoka: "Tafuta eneo la duara lenye nusukipenyo sm 14. Tumia π = 22/7." Na pengine hukuwahi kujiuliza mbona nusukipenyo kila mara ni 7, 14, 21 au 3.5. Mtunga mtihani alikuwa anakuhurumia: ile saba ya chini ikatike, hesabu itoke safi, uende zako mapumziko.

Namba hiyohiyo, pai, ina siku yake. Kila Machi 14 watu huila, huikariri, huiimba, na wengine huizunguka kwa maandamano. Mwanzilishi ni Larry Shaw, mwanafizikia aliyekuwa akifanya kazi Exploratorium, jumba la makumbusho ya sayansi mjini San Francisco. Mwaka 1988 yeye na wenzake walikaa na chai na pai za matunda, saa saba na dakika 59 mchana. Hakukuwa na kamati wala mgeni rasmi. Baadaye binti yake akagundua kwamba Machi 14 ndiyo pia siku aliyozaliwa Albert Einstein, mwaka 1879, na hapo sherehe ikapata mtakatifu wake. Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi la Marekani likapitisha azimio la kuitambua siku hiyo, na mwaka 2019 UNESCO ikaitangaza Machi 14 kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati. Utani wa watu wachache wakati wa chai ukawa jambo la Umoja wa Mataifa.

Lakini utani huo, ukiuleta kwetu, unavunjika mara tatu.

Kwanza tarehe. Wamarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo Machi 14 kwao ni 3/14, na pai inaanza na 3.14. Sisi tunaandika 14/3. Ukitaka 3/14 kwa utaratibu wetu, subiri mwezi wa kumi na nne. Ukijaribu 31/4, Aprili ina siku 30. Pili saa. Wao walichagua 1:59 kwa sababu baada ya 3.14 zinafuata 1, 5 na 9. Kwa saa ya Kiswahili hiyo ni 7:59, na utani umekwisha. Tatu, chakula. Kwa Kiingereza jina la namba na jina la kitafunwa yanatamkwa sawa, ndiyo maana wanakula pai siku ya pai. Sisi pia tunasema "pai" kwa vyote viwili, ila wengi wetu tulikutana na pai ya ubaoni miaka mingi kabla ya kuiona pai ya kwenye sahani.

Sasa kwa nini pai, na si namba nyingine? Hesabu imejaa namba mashuhuri, lakini nyingi zinahitaji maelezo ya nusu saa kabla hujaanza kuzipenda. Pai unaweza kuikamata jikoni. Chukua sinia la kipenyo cha sentimita 60. Zungushia uzi ukingoni, ukate. Kisha ulaze uzi huo katikati ya sinia, toka ukingo hadi ukingo, uone unaingia mara ngapi. Mara tatu, halafu kinabaki kipande cha kama sentimita 8 na nusu. Fanya hivyo kwa kifuniko cha sufuria, kwa ungo, kwa gurudumu la baiskeli: tatu na kipande, na kipande hicho daima ni takriban sehemu ya saba ya kipenyo. Tatu na moja ya saba ni 22/7. Kumbe mwalimu hakuitoa hewani.

Aliyeibana ni Archimedes wa Syracuse, mwanahisabati Mgiriki wa kale, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Hakutumia uzi. Alichora umbo lenye pande 96 ndani ya duara na jingine la pande 96 nje yake, akaonyesha kwamba namba tunayoitafuta ni kubwa kuliko 3 na 10/71 na ndogo kuliko 3 na 1/7. Alama π ilikuja baadaye sana: William Jones, mtu wa Wales, ndiye aliyeitumia kwa maana hii mwaka 1706.

Hapa nina dukuduku langu. 22/7 ni sahihi kuliko 3.14! Dunia kwenye ikweta ina kipenyo cha kilomita 12,756. Ukipiga hesabu ya mzingo wake kwa 3.14 unapungukiwa na kilomita 20 hivi. Ukitumia 22/7 unazidisha kilomita 16. Na 22/7, kwa tunaotanguliza siku, ni tarehe 22 Julai, bila kulazimisha chochote. Wapo duniani wanaoiadhimisha na kuiita siku ya makadirio ya pai, jina linaloifanya ionekane mdogo wake Machi. Kwa hesabu niliyoonyesha, mdogo ni yule mwingine.

Kinachowanogea watu zaidi ni kwamba pai haiishi. Katika miaka ya 1760 mwanahisabati Johann Lambert alithibitisha kwamba haiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba nzima kwa namba nzima, kwa hiyo desimali zake hazikomi wala haziangukii mtindo wa kujirudia. Waongoza vyombo vya anga za juu wa NASA hutosheka na desimali 15 tu. Zilizobaki hazina kazi, na palipo na kitu kisicho na kazi binadamu hushindana.

Mwingereza William Shanks alitumia miaka mingi kuzikokotoa kwa mkono, na mwaka 1873 akatoa desimali 707. Mjini Paris, katika jumba la sayansi la Palais de la Découverte, zikapambwa ukutani kwenye chumba cha mviringo. Katika miaka ya 1940 D. F. Ferguson akapita njia nyingine ya hesabu na kukuta kwamba Shanks aliteleza kwenye desimali ya 528, na kila tarakimu iliyofuata ilibeba kosa hilo. Ukuta ukarekebishwa mwaka 1949. Shanks mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1882, akiamini kazi imekwisha, na mimi nafurahi hakujua. Siku hizi kompyuta inampita kabla hujapepesa macho. Ndiyo maana ushindani umehamia kwenye kumbukumbu: mwaka 2015, nchini India, Rajveer Meena alitaja desimali 70,000 akiwa amefungwa kitambaa machoni, kwa zaidi ya saa tisa.

Mimi sikariri. Tarehe 22 Julai nitaomba sinia la pilau kabla halijapakuliwa, nilipime kwa uzi mbele ya watoto, tukione kile kipande kinachobaki. Saa? Saa saba kamili mchana, kwa heshima ya ile saba ya chini, na kwa sababu ndio wakati pilau inapoiva.