Je, wajua kwa nini jahazi huiacha mashua kwenye upepo ule ule?

Siku ya kusi, mashua ya mita 4 na jahazi la mita 16 zikitoka pamoja na matanga yamejaa, haichukui muda jahazi liko mbele. Wengi watakwambia ni ukubwa wa tanga. Tanga lina mchango wake, lakini kinachoweka ukomo wa mwendo ni urefu wa chombo pale kinapogusa maji.

Chombo kikienda huinua wimbi. Mwendo ukizidi, wimbi hurefuka, hadi kilele kimoja kinakuwa omo, yaani mbele ya chombo, na cha pili tezi, yaani nyuma. Hapo chombo kinaanza kupanda kilima cha maji kilichojitengenezea chenyewe, na upepo ukiongezeka mwendo hauongezeki sana. Kwa makadirio, chukua kipeuo cha pili cha urefu huo kwa mita, zidisha kwa 4.5, upate kilomita kwa saa. Mashua yetu inaishia kwenye 9, jahazi 18. Urefu mara nne, mwendo mara mbili tu!

Ngalawa huikwepa kanuni hii kwa kiasi fulani. Gogo lake ni jembamba mno, wimbi linaloinua ni dogo. Wembamba huo ungeipindua mara moja kama si zile ndubi, yaani mbao za pembeni zinazoelea.

Jahazi halihitaji ndubi. Ukirefusha chombo mara mbili bila kubadili umbo, tanga linakuwa kubwa mara 4, lakini uzito unapanda mara 8, na mwili nao umepanuka. Upepo unapata shida kukilaza. Uzito huohuo ndio unaomla mwenye chombo: mbao, misumari, pamba ya kukalafati (kuziba mianya ya mbao), vyote vinapanda kwa kasi kuliko urefu.

Halafu kuna watu. Kwenye ngalawa wawili wanatosha. Kwenye jahazi, kugeuza tanga upande wa pili ni shughuli: foromali, ule mti unaobeba tanga, inasimamishwa karibu na mlingoti, ncha yake ya chini inavutwa kupita upande mwingine, na demani, kamba ya kuvutia tanga, inazungushwa mbele. Mabaharia wakiwa pungufu, upepo unapochafuka ni hatari.

Kwa hiyo mvuvi anayezunguka ndani ya mwamba na kurudi jioni sioni afanye nini na jahazi, hata akipewa bure. Maji yakipwa, ngalawa inakaa mchangani na wenyewe wanaisukuma. Jahazi likipwelewa lazima liegemezwe kwa magadi, yaani miti ya kulishikiza, lisilale ubavu, na kuondoka ni mpaka maji yajae tena. Lakini kama kazi ni kupeleka boriti za mikoko kutoka Lamu, hapo ngalawa haina la kusema. Shehena ndiyo inayolipa gharama za jahazi, na likirudi tupu hasara ni ya mwenyewe.