Wakili wa hadithini na wakili halisi

Hapa Mtwara, kuanzia vibanda vya video hadi madarasani, wengi huamini kwamba mhusika akichotwa kwa mtu halisi, basi yote yanayosimuliwa yalimpata mtu huyo. Ni imani inayoeleweka, kwani hadithi nzuri hushika moyo, lakini si kweli kila mara.

Mchukue wakili Atticus Finch, wa To Kill a Mockingbird, riwaya ya Mmarekani Harper Lee iliyotoka mwaka 1960. Mwandishi alimchota kwa baba yake, wakili wa Alabama. Katika miaka ya 1930 ya riwayani, Finch anamtetea mtu mweusi aliyesingiziwa ubakaji. Baba mwenyewe, mwaka 1919, aliwatetea wanaume wawili weusi walioshtakiwa kwa mauaji. Walitiwa hatiani, wakanyongwa. Hilo ni zito, na linastahili kukumbukwa kama lilivyotokea. Tena Finch ni mgane, ilhali mke wa wakili halisi aliishi hadi mwaka 1951. Huyo halisi alikuwa pia mhariri wa gazeti.

Ukitaka kuhakiki, linganisha mwaka, shtaka na hukumu, kisha tafuta wasifu wa mtu halisi au magazeti ya wakati wake. Kwa kesi za Tanzania, hukumu nyingi husomwa bure kwenye intaneti.